Kitufe cha Adabu

9 Februari

Mjukuu wangu, mume wangu wa utani, Fundi Bomoa,

Huna adabu. Naanza hapo kwa sababu wewe hukuanza popote. Nimefungua barua yako, nimefuta miwani, nimekaa vizuri kwenye kiti, natafuta salamu, sizioni. Mstari wa kwanza kabisa unauliza kama programu yako inafanya kazi kila asubuhi. Hujui nimeamka au nimezikwa, unauliza programu. Hata mwizi mwenye akili hupiga hodi kwanza ajue kama kuna mtu. Mimi nilijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, tayari nina wajukuu, na sikujitesa vile ili uzeeni niandikiwe barua kama mshtakiwa.

Basi nikuonyeshe barua inavyoandikwa. Mimi sijambo. Mama yako hajambo, alipita hapa kulalamika kwamba humpigii, nikamwambia mtoto ni wake, mimi nilishalea wa kwangu. Mpangaji wa chumba cha nyuma amehama, ametuachia paka. Kazi ya pasi ipo, mashati ya walimu na ya walinzi yamejaa kwenye waya mpaka mlango unafunguka nusu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anakusalimu. Na yeye anaitumia programu yako kama ulivyomwomba, kwa hiyo sasa tuko wazee wawili mtaani tunaozungumza na simu kabla ya kuzungumza na watu.

Haya, jambo lako. Yule binti uliyemtia ndani ya simu anaamka saa moja asubuhi na kusema, "Habari za asubuhi?" Shikamoo hana. Sauti ni ya msichana wa juzi, lakini ananiuliza habari kama tulicheza naye kombolela. Kisha zinakuja sura mbili. Moja inacheka, imeandikwa Nzuri. Nyingine imenuna, imeandikwa Mbaya. Nabonyeza Nzuri. Hata siku ile ya kaa nilibonyeza Nzuri. Kinyozi naye hubonyeza Nzuri, na siku hizi wateja wake wanatoka na vichwa kama shamba ambalo mkulima aliitwa nyumbani kabla hajamaliza. Sisi tumelelewa. Mtu hakuulizi habari mlangoni ukamjibu mbaya.

Siku ya kaa usiniulize. Ni pasi tu, ile ya mkaa uliyoibomoa ukiwa mdogo. Kifuniko chake hakijawahi kukaa sawasawa tangu ulipokigusa.

Niandikie kama mtu.

Bibi yako


24 Februari

Shikamoo Bibi,

Na shikamoo nyingine kwa ajili ya ile barua ya kwanza, ili deni liishe. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ni mtulivu na haunidai chochote. Mama nimempigia. Amesema anayelalamika ni wewe. Msalimie kinyozi, na umsalimie paka.

Kazini wanasherehekea. Ofisi yetu ni ukumbi mmoja wenye meza ndefu, na vioo vyake vimebandikwa vikaratasi vya rangi mpaka nje hakuonekani. Ukutani kuna skrini kubwa, na kila mzee anayetujaribia programu ni nukta moja pale. Akibonyeza Nzuri, nukta ni ya kijani. Akibonyeza Mbaya inakuwa nyekundu, ujumbe unamfikia ndugu yake na muuguzi, na mtu anakwenda kumwangalia. Ndiyo kazi yote ya programu: mzee anayeishi peke yake asiumwe peke yake. Sasa skrini ni kijani tupu, kama uwanja wa mpira baada ya mvua. Mkuu wetu tunamwita Mwewe, kwa sababu hakuna kinachompita. Alileta keki. Anasema wazee wakiulizwa hali kila siku wanapata furaha, na ushahidi ule pale ukutani. Programu itafunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa Juni, na jina langu litatajwa kama mbunifu wake.

Barua yako niliisoma nikiwa na keki mkononi, Bibi. Nikafika kwenye kaa. Nikaitafuta nukta yako, nikarudi nyuma siku baada ya siku. Kijani, kijani, kijani. Nikakupigia, ukasema nzuri. Nikauliza kuhusu kaa, ukasema mtandao mbovu, ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilimsikia mpaka paka.

Nakuja Jumamosi. Usifagie, usijipambe, usijifunike khanga miguuni. Nataka kuiona yote miwili.

Mjukuu wako


18 Machi

Mume wangu usiyebisha hodi,

Salamu kwanza, ingawa hukustahili. Sijambo. Mama yako hajambo ila amekuwa mkali kama mama mkwe. Paka amezaa. Barua yako ya kusema unakuja imefika juzi, wewe umeshakuja, umeshanidhalilisha na umeshaondoka. Nimeisoma hata hivyo. Salamu zake ni nzuri.

Hivi ni nani alikufundisha kuingia kwa mwanamke na kufunua miguu yake hujaketi? Ukanibeba mgongoni hadi kwenye teksi, mashati ya watu yakiwa mezani, kinyozi amesimama mlangoni na mkasi, mteja wake ana povu mpaka masikioni. Mtaa mzima umeniona nikibebwa kama gunia la mkaa. Nilikupiga kichwani na ningekupiga tena.

Kule hospitali, yule muuguzi alipofungua kile kitambaa nilichokuwa nimeufunga mguu akanitazama, akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hata mimi ninayo, nilimjibu, wewe fanya ulichosomea. Daktari ndiye aliyenieleza vizuri. Sukari imeufanya mguu uwe bubu. Kaa lilipotoka kwenye pasi likaniunguza, mguu haukupiga kelele, nami nikadhani kimya ni kupona. Akasema tungekawia kidogo tungekuwa tunazungumza habari ya kukata. Hapo ndipo wewe ulipoketi sakafuni, mwanamume mzima.

Sasa sikiliza, maana najua hulali. Kidonda kinafunga. Muuguzi anakuja kukiosha na anasema nyama mpya imeshika, safi, nyekundu kama ya mtoto. Vidole vyote vipo, nimevikagua mwenyewe na vinanitii. Napiga pasi nikiwa nimekaa, kwenye kiti kirefu alichoniletea kinyozi kutoka dukani kwake, na pasi yenyewe ni ile ya umeme uliyoninunulia kwa nguvu. Ile ya mkaa nimeifanya kizuizi cha mlango. Sina la kulalamika na hilo linaniudhi.

Kwa nini sikusema, usiniulize. Mama yako alishanitengea chumba kwake kabla hata sijaungua. Mtu akishatengewa chumba hujifunza kunyamaza.

Lakini kuna jambo. Pale sakafuni ulisema, "Bibi, skrini nzima ni kijani." Nilidhani umepata homa. Nimekaa na maneno hayo siku zote hizi, na nadhani sasa nimeyaelewa. Mkuu wako umemwambia?

Bibi yako, mwenye miguu miwili


10 Aprili

Shikamoo Bibi,

Natumaini u mzima, na kidonda kinaendelea kufunga, na paka na watoto wake hawajambo, na kinyozi hajambo, na mama amepunguza ukali. Mimi mzima kabisa. Hapa mvua zimeanza. Mwenye nyumba ameupaka rangi ule ukuta ninaoutazama dirishani, sasa ni wa samawati, na imenibidi nimshukuru kama vile amenijengea bustani.

Nilipotoka kwako sikuweza kula siku nzima kwa furaha. Nilikuwa nasimama barabarani naangalia miguu ya watu.

Mwewe amenichagua nizungumze mbele ya wageni siku ya kufungua programu. Ameniambia ninunue koti. Nimelinunua, mikono mirefu kidogo.

Kuhusu lile uliloniuliza, mambo ni mazuri. Kazi inakwenda vizuri.

Nakusalimu sana. Mjukuu wako


29 Aprili

Mjukuu wangu,

Sijambo, mama yako hajambo, paka wote hawajambo. Nimemaliza salamu.

Eti mambo ni mazuri. Umeniandikia mimi hivyo, mimi niliyelivumbua jibu hilo kabla mama yako hajazaliwa. Barua nzima umenizungusha kwenye mvua na ukuta wa samawati na mikono ya koti, na nilipofika mwisho nikakuta umenibonyezea kile kitufe chako chenye sura inayocheka. Nilidhani ni wazee tu tunaofanya hivyo. Kumbe na wewe una mguu umeufunga kitambaa.

Nikueleze ya hapa. Wiki iliyopita kinyozi amemkata mteja sikio. Si sana, lakini damu ya sikio haina haya. Mteja akapiga kelele, watu wakajaa, nikavuka barabara na gongo langu. Nikamkuta kinyozi amekaa kwenye kiti cha wateja, analia. Akaniambia tangu mwaka jana anaona ukungu. Vichwa anavikata kwa kupapasa. Asubuhi ile ile binti wa simu alikuwa amemuuliza habari naye akabonyeza Nzuri. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye kipofu, akasema, "Nimwambie nani? Yule ni msichana tu, ameamkia watu."

Kwa hiyo mtaa wangu peke yake una nukta mbili za kijani, mmoja mguu ulikuwa unaoza na mwingine haoni. Hao wengine kwenye skrini yenu wana nini? Mimi nilikuwa na mjukuu anayesoma barua na keki mkononi. Wao wana nani? Hiyo programu mkiifungua hivyo ilivyo, watoto wa watu wataitazama simu kila asubuhi, wataona kijani, watasema mama mzima, wataendelea na mambo yao. Bila programu yako angalau mtoto angekuwa na wasiwasi. Wewe unamwondolea wasiwasi na kumwachia mama kidonda.

Najua unaogopa. Umesifiwa, umepewa keki, umenunua koti, na sasa useme kitu kizima kimeharibika. Mimi nilikuwa naogopa kuhamishiwa kwa mama yako na kufungiwa chumba cha pasi, wewe unaogopa kufungiwa ofisi. Sisi ni ukoo mmoja, sikushangai. Lakini mimi nilibebwa mgongoni kwa lazima. Wewe sina mgongo wa kukubebea.

Mwewe akikuuliza kazi ikoje, usimjibu mlangoni. Ingia, kaa, umwambie.

Bibi yako


4 Juni

Shikamoo Bibi,

Marahaba yako naisikia hata huku, na sasa naisikia bila kuinamisha uso. Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Mama amenipigia mwenyewe, tumecheka. Nimefurahi kusikia kutoka kwake kwamba kinyozi amepelekwa kwa daktari wa macho.

Barua yako niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa lile koti, nikaingia nayo kwa Mwewe. Akaniuliza kazi ikoje. Nikavuta kiti. Nikamwambia habari ya kaa, ya kitambaa, ya sikio. Nikamwambia ile skrini haionyeshi afya ya wazee, inaonyesha malezi yao. Nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba nitafukuzwa, hata vitu vyangu vya mezani nilikuwa nimevipanga tayari kwa kubeba.

Mwewe alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua simu akampigia baba yake, mimi nikiwa pale pale. Baba yake naye ni nukta ya kijani. Akamwamkia, akamuuliza habari, akajibiwa nzuri. Akamuuliza usingizi, nzuri. Kisha akamuuliza, "Baba, jana ulilala kitandani?" Mzee akasema hapana. Mzee alikuwa analala kwenye kiti, kwa sababu akijinyoosha pumzi inambana. Mwewe akaondoka ofisini bila mkoba wake. Alirudi baada ya siku kadhaa, macho yamevimba, akatuambia ni moyo, ila wamewahi, mzee anatumia dawa na sasa anajinyoosha. Akapanda kwenye kiti, akaizima ile skrini kwa mkono wake. Programu haifunguliwi Juni. Itafunguliwa ikiwa tayari. Mimi sikufukuzwa. Nimepewa kazi ya kuitengeneza upya, na hakuna aliyeleta keki, na sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile.

Kosa la pili nalo lilikuwa langu. Nilidhani dawa ni kuondoa salamu, binti aulize moja kwa moja: unaumwa wapi? Ile wiki unaikumbuka. Wewe ulimfungia binti kwenye kopo la wanga wa mashati, kinyozi akasema anahojiwa kama yuko kituoni, na wazee wengi walizima simu kabisa. Nikarudi kwenye barua yako ya Februari, ile ya kuniambia sina adabu. Mlango bila hodi haufunguki, nilikuwa nimesahau. Lakini nilikuwa nimeelewa jambo lingine pia. Salamu si swali. Tulikuwa tunamrekodi mtu akiwa bado anavua viatu.

Kwa hiyo sasa iko hivi. Binti anasema shikamoo, anasubiri. Unabonyeza Marahaba. Anauliza habari, kinakuja kitufe kimoja tu, Nzuri. Unakibonyeza, na kitufe hicho hakifanyi kitu. Hakiendi popote, hakihesabiwi, hakimwambii mtu. Ni cha adabu. Baada ya hapo ndipo anapoketi na kuuliza mambo ya jana: Ulilala kitandani? Miguu yote miwili umeitazama? Maandishi ya kwenye kopo la dawa uliyasoma mwenyewe? Mwenzangu anayeandika programu alikataa katakata. Alisema hakusoma miaka yote ile ili aandike kitufe kisichokwenda popote. Tukawapa wazee matoleo mawili, moja lenye kitufe hicho na moja bila. Wasiokuwa nacho walijibu kila swali nzuri, nzuri, mpaka mwisho. Waliokuwa nacho walitoa nzuri yao hapo, wakaimaliza, kisha wakasema kweli.

Skrini imewashwa tena, Bibi. Ina madoa mekundu na ya manjano kama mtoto mwenye tetekuwanga. Wauguzi wanazunguka. Kila doa jekundu likipata mtu wa kulitembelea, mwenzangu yule yule anagonga meza kwa furaha. Mwewe anasema haijawahi kupendeza hivi.

Nitakuja mwezi ujao. Nimeandika mapema, labda safari hii barua itanitangulia.

Mjukuu wako


28 Juni

Mume wangu,

Barua imekutangulia, umeanza kuwa mtu. Sijambo. Mama yako hajambo, kile chumba alichonitengea amekipangisha, ametangaza mwenyewe kwamba anayepiga pasi siku nzima hahitaji kulazwa. Watoto wa paka wamegawiwa, mmoja kachukuliwa na muuguzi badala ya chai. Mguu umefunga. Limebakia kovu linalong'aa, nalipaka mafuta kila jioni na kulitazama kila asubuhi, kwa sababu binti wa simu ananiuliza na mimi simwambii uongo mtu aliyeniamkia.

Kinyozi amepasuliwa jicho moja, la pili wiki ijayo. Alipofunguliwa kitambaa alirudi dukani akavitazama vichwa vya wateja wake waliokuwa wamekaa barazani, akaingia ndani. Halafu akatoka akawaita wote, anawanyoa upya bure. Foleni inafika kwangu. Nimewaambia walio na mashati yaliyokunjamana wayavue wakisubiri, kwa hiyo na mimi nimepata kazi.

Ulipoandika kwamba kitufe changu cha Nzuri hakifanyi kitu, nilikasirika siku mbili. Halafu nikaona ni sawa. Nzuri yangu haijawahi kufanya kitu maisha yangu yote, ila bila hiyo nisingeweza kusema linalofuata. Mwambie huyo mwenzako aliyekataa kukiandika kwamba ameandika hodi, na hodi nayo haifungui mlango. Anafungua aliye ndani.

Usiku nalala. Naona na wewe sasa unalala, mwandiko wako umenyooka.

Hilo koti usilirudishe dukani, lilete nilipunguze mikono. Uje na viatu vyangu vipya, vipana, visivyo na kamba. Ukifika piga hodi, uniamkie, uniulize habari, nami nitakujibu nzuri, na usiniamini. Ingia, kaa, nivue kiatu, uutazame mguu, ndipo uniulize tena.

Bibi yako